Damu ya Chiriku Haipandi

Kibanda cha Chai,
Mkabala na Karakana ya Matairi.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo wako umepunguza ubishi. Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje? Na yule bibi kizee unayemtunza, bado anakuita kwa jina la binti yake, au siku hizi amekubali kwamba wewe ni wewe? Nakuombea kila asubuhi ninapowasha jiko, kwa kuwa ndiyo saa pekee ambayo bado sijagombana na mtu.

Sisi huku tupo. Nilitaka kuandika kwamba hatujambo, nikashindwa.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ninayo na salio lipo. Dada, nyumba yetu unaijua. Kati ya kitanda changu na cha Chiriku kuna pazia tu, na kibandani kuna mafundi wa matairi ambao wakisikia jambo saa mbili, saa tatu mtaa mzima unalo. Halafu mimi na wewe tukipigiana simu tunazungumza hali ya hewa. Miaka yote hii ni mvua huku, baridi huko, haya kwaheri. Nililonalo leo halisemeki hivyo. Fundi mmoja wa karakana, yule tunayemwita Mrefu, ana ndugu yake anayekuja huko wiki hii, naye ameahidi kukutia barua hii mkononi. Naomba uisome ukiwa peke yako.

Nianze na nyepesi ili upate pumzi. Kibanda kinakwenda. Birika la zamani lilitoboka tako, nikanunua jipya kubwa zaidi. Jirani yetu Mama Cherehani, mshonaji aliyepanga chumba cha pembeni baada ya wewe kuondoka, amenishonea aproni yenye mfuko mkubwa mbele, na nikiivaa natembea kama mpishi wa meli. Mafundi wananicheka, lakini vikombe vinarudi vitupu. Chai yangu unaijua: majani bila uchoyo, maziwa mengi, ichemke mpaka ipande, ishuke, ipande tena. Niliisifia sana chai hiyo maishani mwangu. Utaona mbele kwa nini naitaja.

Habari yenyewe ni ya Chiriku.

Jina hilo ulimpa wewe, kwa kuwa alianza kuongea kabla hajajua kutembea sawasawa, na kilichomnyamazisha kilikuwa usingizi tu. Sasa ana miaka kumi na tano, ananifika masikioni, na amenyamaza, Dada. Tangu mwaka jana nyumba imepoa. Niliambiwa ni ujana, nikaamini, maana kwenye ujana wa wasichana mimi ni mgeni kabisa. Akirudi shule analala na sare, kiatu kimoja bado kiko mguuni. Akipanda ngazi anasimama katikati, anashika ukuta, anahema. Mwalimu wake aliniita akaniambia binti yangu ni mvivu, anasinzia darasani, na mimi badala ya kumtetea nikarudi nyumbani nikamwongezea ya kwangu.

Kisha mchele ukaanza kupungua kwenye ndoo. Nikasema ni panya, nikatega mtego, nikaweka na kipande cha samaki. Siku moja mchana nilirudi kuchukua sukari nikamkuta panya wangu amesimama jikoni na sare yake ya shule, mashavu yamejaa, anatafuna mchele mbichi. Alishtuka, nami nikashtuka, tukacheka wote wawili. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tulicheka pamoja. Muuza juisi naye akaniambia kwamba binti yangu hanunui juisi, anaomba barafu tu na kuitafuna kama karanga. Nikaona ni vituko vya umri.

Mwezi wa pili akaanguka mstarini, asubuhi, wanafunzi wote wakiwa wamesimama. Alipasuka kidevu. Nilifika pale na aproni yangu, nikambeba, na kilichonitisha zaidi ni wepesi wake.

Kliniki tulipokewa na daktari wa kike, kijana sana, ana sauti ya chini na haraka hana. Alimvuta kope ya chini, ndani kulikuwa kweupe. Akatazama viganja, akatazama kucha, ambazo zimebonyea katikati na mimi sikuwa nimeziona. Akauliza kama anatafuna vitu vya ajabu, nikamtaja mchele na barafu kwa kicheko, yeye hakucheka. Majibu ya maabara yakatoka: damu saba, wakati msichana wa umri wake anatakiwa awe na kumi na mbili hivi. Akatueleza kwamba mwili wake umeishiwa madini ya chuma, na bila madini hayo damu haitengenezwi hata ale nini. Uchovu ule haukuwa uvivu. Nilitamani mwalimu yule awepo asikie, kisha nikakumbuka kwamba na mimi nilitakiwa nisikie.

Daktari akamuuliza kuhusu siku zake za mwezi. Chiriku akatazama sakafu akasema, "Kawaida tu." Nikaombwa nitoke nje, nikatoka. Baadaye daktari aliniambia jibu lilikuwa lile lile, kawaida tu.

Tukapewa vidonge vya kuongeza damu na tukaambiwa turudi baada ya mwezi. Dada, vidonge vile nilivisimamia kama askari wa lindo. Kila asubuhi alimeza mbele ya macho yangu, na ili vishuke vizuri, na kwa kuwa alikuwa amedhoofika na vilimchafua tumbo, nilimmiminia kikombe kikubwa cha chai yangu, ile ya chini ya birika iliyokolea, nikaongeza maziwa. Niliona ndiyo dawa yenyewe. Jioni nikampa kingine.

Tuliporudi, damu ilikuwa saba na nukta kidogo. Daktari akashangaa. Mimi sikushangaa, nilikasirika. Nilijua binti anavificha chini ya ulimi na kwenda kuvitema. Nilimgeukia pale pale nikamwambia anataka kuniua kwa mawazo. Machozi yalimtoka bila sauti, na sauti yenyewe nadhani hakuwa na nguvu ya kuitoa.

Muuguzi aliyekuwa anapanga dawa ndiye aliyeuliza anavimeza na nini. Nikajibu kwa fahari, kama ninavyowajibu wateja, jinsi ninavyoichemsha. Akaweka kalamu chini. Akasema chai inayashika yale madini tumboni yasiingie mwilini, na maziwa nayo yanazuia, na kwamba hata angemeza pakiti nzima kwa chai ile angeambulia kidogo sana. Avimeze kwa maji, au kwa juisi ya chungwa, na chai ikae mbali navyo kwa muda wa saa mbili.

Maisha yangu yote napika chai. Nimelea mtoto kwa chai, nimelipia karo kwa chai. Na mwezi ule wote nilikuwa naikoroga ili imkoseshe dawa, kwa mkono wangu, kwa upendo wangu wote. Nilimwomba radhi mbele ya muuguzi. Chiriku akanishika kidole kimoja, kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo tukivuka barabara, akasema si neno.

Basi, chai ikapigwa marufuku asubuhi. Machungwa yakaingia, maini kila nikipata, maharage, mboga za majani. Mama Cherehani akawa anamletea limau la kukamulia kwenye mboga. Damu ikapanda ikafika nane na nusu. Mashavu yakapata rangi, na siku moja nikamsikia anaimba akifua. Niliinama nyuma ya birika nikalia kimya kimya, Mrefu akadhani moshi umeniingia machoni.

Halafu wiki mbili zilizopita ikashuka tena. Sita na nukta nane. Chini kuliko tulikoanzia, Dada, na vidonge anameza kwa juisi, na chai haionji. Daktari akasema tunajaza ndoo iliyotoboka, na lazima tujue inavujia wapi.

Aliyejua bila kujua ni Mama Cherehani. Nilipomwambia maneno ya daktari akakaa chini ghafla juu ya robota lake la vitambaa. Akaniambia kwamba kwa zaidi ya mwaka Chiriku amekuwa akimwomba mabaki ya vitambaa, vile vipande vinavyobaki chini ya mashine. Kila mwezi anajaza mfuko, na mara nyingine anarudia kabla mwezi haujaisha. Alimuuliza ni vya nini, Chiriku akasema anashona mto. Mama Cherehani akawa anamchagulia vya pamba, laini, akingojea siku ya kuuona huo mto. Akaniambia, "Kwa vitambaa nilivyompa, wangelala watu kumi."

Pedi ninazomnunulia mimi ni pakiti moja kwa mwezi. Nanunua nikiwa nimetazama pembeni, naweka juu ya kitanda chake, naondoka. Nilidhani huo ndio ubaba bora kuliko wote.

Nilikwenda kwa daktari peke yangu nikamweleza habari za vitambaa. Akaandika, kisha akauliza kama amewahi kutokwa damu puani, au kuvilia damu chini ya ngozi akijigonga kidogo tu. Ndiyo kwa yote mawili. Kile kidevu alichopasuka mstarini, nilikumbuka, kilikataa kukauka mpaka siku ya pili. Daktari akanieleza polepole kwamba wako watu ambao damu yao inachelewa kuganda, na aghlabu jambo hilo linatoka kwa mzazi. Haliui mtu likijulikana mapema, dawa zipo. Lisipojulikana ndipo lina hatari, hasa siku msichana huyo atakapofanyiwa upasuaji, au atakapojifungua.

Kisha akaniuliza kuhusu mama yake. Hedhi yake ilikuwaje. Aliwahi kung'olewa jino. Alifariki kwa nini.

Dada, nilikaa pale kama mwanafunzi ambaye hakusoma. Nilimwambia pua ya mke wangu ilikuwa ikitoka damu wakati wa joto, na tulikuwa tunamtania kwamba ana damu nyingi kuliko anavyohitaji. Mengine nikasema sijui. Akauliza kama yupo mtu anayejua. Nikasema yupo.

Wewe ndiye unayejua. Ulilala naye chumba kimoja chuoni kabla mimi sijamfahamu hata kwa sura. Na siku ile wodini wewe ndiye uliyekuwa ndani. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje na chupa ya chai mapajani, kwa kuwa wifi yako alinituma, alisema akishajifungua tu anataka chai yangu kabla ya kitu kingine chochote. Ulitoka ukasema tumewapoteza wote wawili, mama na kichanga, hukunitazama usoni. Baadaye nilikuona bombani nyuma ya wodi, unafua yale mashuka mwenyewe, umemkataza kila mtu asikusogelee. Maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji karibu na miguu yangu, nami nikageuza shingo. Chiriku alikuwa na miaka minne, alikuwa ananisimulia habari ndefu ya paka. Mwaka uliofuata ukasafiri, na tangu hapo ni hali ya hewa.

Sikulaumu. Tafadhali soma mstari huu mara mbili. Najua uliona ambayo hukutaka mimi niyaone, na umeyabeba peke yako mpaka huko ng'ambo ili mimi niweze kuamka na kuwasha jiko. Nilikuachia uyabebe kwa kuwa ilinifaa. Lakini sasa maji yamenifika shingoni. Daktari anasema akipata habari kamili za mama atamwandikia Chiriku rufaa ya hospitali kubwa, kwenye kipimo chenyewe cha damu, kwa dharura. Bila habari hizo tutapanga foleni kama wengine, na foleni hiyo ni ya miezi. Chiriku hana miezi. Akishuka kidogo tena ataongezewa damu, na daktari mwenyewe anasema damu ya kuongezwa itavuja kama ile nyingine.

Nakuomba kwa yote tuliyonyonya pamoja, niandikie. Andika yote, hata yale ya kutisha. Alivuja damu kiasi gani, kwa muda gani, walimpa nini, manesi walisema nini. Enzi zenu za chuo alikuwaje kila mwezi. Usinihurumie. Naogopa, Dada. Usiku nasikiliza pumzi zake nyuma ya pazia, na zikitulia sana nakohoa kwa makusudi ili ageuke.

*

Jumatatu

Jana nilishindwa kumalizia, wateja waliingia. Na nashukuru sikuifunga, maana leo asubuhi limetokea jambo.

Hakwenda shule. Siku zake zimeanza, nilijua kwa sababu pazia lilikuwa limefungwa na mfuko wa vitambaa vya Mama Cherehani haukuwepo msumarini. Nilisimama upande wangu naosha vikombe kwenye beseni, nimempa mgongo ingawa pazia lenyewe lipo. Nikapiga moyo konde. Nilimwuliza zinachukua siku ngapi.

Kisha akasema saba, mara nyingine kumi. Nikamwuliza anabadilisha mara ngapi. Akasema kila saa siku za mwanzo, na shuleni anavaa sketi mbili, na huwa hanyanyuki mpaka darasa liwe tupu. Alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja ratiba ya vipindi. Mimi nilikuwa nimekishika kikombe kimoja, nakiosha tu, nakiosha.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia daktari.

Akasema, "Nilimwambia. Kawaida. Kwani wengine hawako hivi?"

Hakuwa anaficha, Dada. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kuna namna nyingine. Alidhani wasichana wote wanavumilia hivyo, ila yeye peke yake ndiye dhaifu.

Nilimwambia hapana, wengine hawako hivyo, na kwamba si kosa lake. Nikarudi kwenye beseni langu. Kisha nikasikia kitanda kimelia, nikajua ameketi. Akauliza, "Baba, Mama alikuwa hivi hivi?"

Nilimjibu kwamba nitamwuliza Shangazi.

Akasema, "Muulize haraka."

Sina zaidi. Mrefu amesimama mlangoni anaisubiri bahasha. Nimsalimie nani na nimwache nani? Msalimie Shemeji, mwambie deni langu la kumfundisha kupika chai ya kweli bado lipo, ila atainywa mbali na chakula. Wasalimie wapwa zangu, Machachari na mdogo wake Kinyago, waambie mjomba bado ana meno yote. Mpe pole bibi unayemtunza. Mama Cherehani anakusalimu ingawa hamjaonana, na ameanza kumshonea Chiriku mto wa kweli.

Mungu akupe nguvu ya kusema, nami anipe nguvu ya kusoma. Na ukiandika, Dada, juu ya bahasha uandike jina la Chiriku. Atafungua yeye, na atanisomea yeye, kwa sauti, upande huu wa pazia.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye na nikungojaye,

Birika